Mtu wa Pangani na Chui wa Kibo

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu. Hapana shaka wengi walitarajia kwamba mimi, mtoto wa Matemwe, nitaandika juu ya ngalawa, mwani na madema. Badala yake nimechagua mlima mrefu wenye barafu. Msicheke kwanza, kwani kisa chenyewe kinatuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya tunavyodhani.

Nakumbuka siku moja darasani maalim wetu wa jiografia alichora mlima Kilimanjaro ubaoni, akapaka chaki nyeupe kileleni, akasema, "Hii ni theluji." Mwenzetu mmoja akanyosha mkono akauliza, "Maalim, theluji ni kitu gani?" Maalim hakujibu. Kesho yake alikuja na donge la barafu, la namna ile wanayotumia wachuuzi wa samaki, limefungwa guniani na kufunikwa makumbi. Akatwambia tupokezane, kila mmoja alishike mpaka ashindwe. Hakuna aliyehesabu mia. Vidole viliwaka kama vimetiwa motoni. Maalim akasema, "Basi fikirini mtu aliyekaa penye kitu hiki zaidi ya wiki mbili, na alikuwa mtu wa pwani kama nyinyi." Kengele ikalia, akatoka, wala hakututajia jina la mtu huyo. Ilinichukua miaka mingi kumjua, na leo nataka nikujulisheni.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Kisiwa chetu cha Unguja ni bapa. Kilima chake cha juu kabisa hakifiki mita 150. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwa kadiri mtu anavyopanda, joto hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo, siku ambayo sisi Matemwe tuna joto la digrii 30 na tunatafuta kivuli cha mkungu, kule kileleni mtu aweza kuwa na digrii 5 chini ya sifuri, na usiku baridi huzidi sana kuliko hapo.

Na baridi si adui peke yake. Wavuvi wetu wanaopiga mbizi upande wa Mnemba wanajua kwamba maji yana uzito. Mpiga mbizi akishuka mita 10 tu, mgandamizo unaombana huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mlimani mambo ni kinyume. Hewa nayo ina uzito, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo uzito huo unavyopungua, hata akifika kilele cha Kibo mgandamizo wa hewa huwa ni kama nusu ya ule wa ufukweni. Maana yake, katika kila pumzi anapata nusu tu ya oksijeni aliyoizoea. Kichwa humgonga, hutapika, hukosa usingizi, na hatua kumi humchosha kama maili nzima. Akipanda haraka aweza kufa, kwani mapafu au ubongo hujaa maji. Akipanda polepole mwili wake huanza kuzoea: hupumua kwa kasi, na baada ya siku nyingi damu yake huongeza chembe nyekundu za kubebea oksijeni. Mlima haupendi mwenye haraka.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya hawakuamini kwamba kuna barafu karibu na ikweta. Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo kwa mbali na weupe wake juu. Kiongozi wa safari yake alikuwa mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Rebmann alipouliza weupe ule ni nini, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: baridi. Kiswahili cha pwani hakikuwa na neno la kitu ambacho pwani hakipo, basi kitu kikaitwa kwa lile linalompata mwenye kukigusa. Mimi naona hakuna jibu lililokuwa la kweli kuliko hilo. Huko Uchagani Rebmann alisimuliwa pia habari ya watu waliopelekwa juu zamani kuchukua kitu kile cheupe, kikidhaniwa ni madini ya fedha, na baridi ikawaangamiza.

Habari hizo zilipofika London, bingwa mmoja wa ramani, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika ya Mashariki, alizikataa kabisa na akaendelea kuzibishia kwa miaka mingi. Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda mwaka 1862 hadi kiasi cha mita 4,200, theluji ilimwangukia yeye na wenziwe. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, alifika mpaka ukingoni mwa theluji yenyewe. Watu wa pwani na Wachaga waliosema kuna baridi juu ya mlima ndio waliokuwa na ilimu, na aliyekaa na vitabu vyake London ndiye aliyekosa.

Sasa, je, kiumbe gani aweza kuishi mahali kama hapo? Nyika ya juu ya Kilimanjaro ina kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mchana jua huchoma, usiku maji huganda. Sisi kipupwe chetu cha Julai hutufanya tujifunike shuka na kulalamika. Viumbe wa kule hupata kipupwe kikali zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ndiyo maana kila mwenyeji wa huko ana hila yake. Kuna mmea uitwao lobelia, mrefu kuliko mtu, ambao usiku hukunja majani yake na kufunika kichipukizi cha kati kama mama anavyomfunika mtoto. Kuna miti minene, mfano wa kabeji iliyopandishwa juu ya nguzo, ambayo majani yake yakifa hayaanguki, hubaki yakilivika shina kama koti. Chozi wa mlimani, ndege mdogo anayeng'ara kijani, hunyonya maua ya lobelia na kula wadudu walio humo. Panya wenye milia minne mgongoni huchimba mashimo na kujificha ardhini, ambako baridi haipigi kwa nguvu. Baadhi ya wadudu wa huko hawana mbawa kabisa, kwa sababu penye upepo na baridi ya namna ile mbawa ni mzigo. Na kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe huwafuata wapandaji kambi hata kambi, wakingoja makombo.

Hao ndio wenyeji. Lakini wako pia wageni, na hao ndio waliowashangaza watu. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alipopanda Kibo alimkuta chui amekufa na kukauka kwa baridi karibu na ukingo wa shimo la volkeno, zaidi ya mita 5,600 juu. Mwaka uliofuata alipanda tena, akamkata sikio kuwa ukumbusho. Mahali hapo mpaka leo pana jina la chui huyo. Mwaka 1936 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alimtaja chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake juu ya theluji za Kilimanjaro, akaacha swali linaning'inia: alitafuta nini kule juu? Tangu hapo chui wa Kibo amekuwa maarufu duniani kote kuliko watu wengi waliokanyaga mlima ule.

Wala hakuwa mnyama wa pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru na mwenge juu ya kilele. Mwaka uliofuata, 1962, msafiri wa Kiingereza Wilfred Thesiger alipofika huko aliwakuta mbwa mwitu watano wamemtangulia juu ya barafu, wakimtazama. Mbwa mwitu ni wanyama wa nyika, wawindaji wa swala. Pale juu hapana hata panya wa kuwatosha. Pofu nao huonekana mara kwa mara katika jangwa la juu lililo baina ya Kibo na Mawenzi.

Wataalamu hutafuta sababu: pengine mnyama alifuata windo, pengine alikuwa akivuka kutoka upande mmoja wa mlima kwenda wa pili. Na kwengineko duniani yamegunduliwa makubwa zaidi. Katika milima ya Himalaya yupo buibui mdogo arukaye, anayeishi hadi mita 6,700, mahali pasipoota chochote; riziki yake ni wadudu na vipande vya mimea vinavyopeperushwa na upepo kutoka chini. Mwaka 2020 wanasayansi walimkamata panya hai juu ya kilele cha volkeno Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, mita 6,739. Kabla ya hapo hakuna aliyefikiri kwamba mnyama anyonyeshaye aweza kuishi juu namna ile. Cooley wa kila zama hukanushwa na yule aliyekwenda kutazama.

Sasa nakuja kwenye mtu wetu.

Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer, pamoja na mwenziwe Oscar Baumann, walikuwa njiani kuelekea Kilimanjaro walipokamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, aliyekuwa akipigana na Wajerumani waliotaka kuitawala pwani ya Mrima. Walifungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 Meyer alirudi tena. Wapagazi wake aliwakusanya hapa Unguja, kama walivyofanya takriban wazungu wote waliosafiri bara wakati ule, na kwa sababu ya vita alipitia Mombasa. Safari hii alikuja na mpandaji milima hodari kutoka Austria, Ludwig Purtscheller.

Siri ya kufanikiwa kwao haikuwa kamba na shoka za barafu peke yake. Wapandaji waliotangulia walishindwa kwa kuishiwa na chakula. Meyer alipanga kambi kwa ngazi: moja Marangu, ya pili katikati ya mlima, na ya tatu juu kabisa, kiasi cha mita 4,300, chini ya Kibo. Wapagazi walipanda na kushuka wakipeleka chakula kutoka kambi hata kambi. Katika kambi ya juu walibaki watu watatu tu: Meyer, Purtscheller na mtu mmoja wa Pangani. Meyer aliandika jina lake Mwini Amani; sisi tungelisema Mwinyi Amani. Kazi yake ilikuwa kupika na kuitunza kambi. Alikaa pale juu zaidi ya wiki mbili, na mara nyingi alikuwa peke yake, kwa kuwa wale wawili hutoka usiku wa manane kwenda kupambana na barafu na hawarudi mpaka jioni.

Tarehe 6 Oktoba, 1889, Meyer na Purtscheller walifika kilele cha Kibo, watu wa kwanza kuandikwa kuwa wamefika. Meyer akakipa kilele jina la Kaizari wake, akachukua jiwe akampelekea, na jiwe likatiwa katika jumba la kifalme huko Potsdam. Na yote hayo yalisimama juu ya chungu kilichopikwa na mtu wa pwani katika hewa ambayo hata maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa.

Tazameni tarehe zile, ndugu zangu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 1889, askari wa Wissmann waliishambulia na kuiteka Pangani. Mwezi wa Oktoba Mwinyi Amani wa Pangani alikuwa amekaa kwenye mawe na barafu akiwapikia Wajerumani. Tarehe 15 Desemba Bushiri alinyongwa, na palikuwa ni Pangani hapo hapo. Mtu huyu alikuwa juu kuliko watu wote wa pwani waliopata kukaa, na chini yake mji wake ulikuwa ukibadilika mikono. Watu wameulizana karibu miaka mia chui alitafuta nini mlimani. Mimi naona swali hilo linamstahiki zaidi mpagazi. Na jibu lake sote tunalijua, kwa sababu ndilo lililowapeleka babu zetu bara, na ndilo linalowapeleka vijana wa leo Dar es Salaam na Maskati: riziki. Buibui wa Himalaya huletewa riziki yake na upepo, mwanadamu huifuata.

Wala hakuwa peke yake mwaka ule. Mwaka 1887 Stanley alichukua hapa Unguja zaidi ya watu 600 kwa safari yake ya kumtafuta Emin Pasha. Wengi wao hawakuviona tena visiwa hivi. Mwezi wa Juni 1889 msaidizi wake, Luteni Stairs, aliwachukua baadhi yao kupanda milima ya Ruwenzori, wakapita mita 3,000 kabla ya kushindwa na kurudi. Watu wa Unguja, waliozoea joto la masika na chumvi ya bahari, walitetemeka katika ukungu wa Ruwenzori na nguo zao nyepesi. Vitabu vinamtaja Stairs. Wao vinawaita kwa jumla tu, "Wazanzibari".

Haki haikufa yote. Mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu aliheshimiwa mbele ya taifa kwa kuwa miongoni mwa waliomwongoza Meyer. Kilele nacho siku nyingi kimeacha jina la Kaizari, kinaitwa Uhuru. Lakini mtu wa Pangani bado hana wa kumtaja. Chui ana jina lake ramani nzima inalijua, jiwe lilikuwa na jumba lake, na aliyepika kwenye barafu ana mstari mmoja mmoja katika kitabu cha bwana wake.

Na ushahidi wenyewe unayeyuka. Baina ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. Chui wa Kibo alitoweka zamani pale alipokuwa amelala. Huenda mjukuu wa mwanafunzi asomaye ukurasa huu ataonyeshwa mlima mweusi mtupu, akaambiwa kwamba hapo palikuwa na theluji, naye akakataa kama Cooley alivyokataa. Sisi Unguja tumekwisha onja msiba wa namna hiyo. Tulikuwa na chui wetu wenyewe, mdogo kuliko wa bara. Aliogopwa kwa sababu ya hadithi za wachawi waliosemekana kuwafuga, akasakwa sana baada ya 1964, na ilipofika miaka ya 1990 wataalamu walikata tamaa naye. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni ilinasa picha ya mnyama aliyefanana naye, na watu wakabishana. Wazee waliomwona kwa macho yao ni wachache sasa, na wengi wamekwenda zao bila kuulizwa.

Kwa hiyo, vijana wetu, msingoje maalim akuleteeni donge la barafu. Babu akisema alibeba, alipiga mbizi, alisafiri au alimwona chui, kaeni chini mumsikilize, muandike jina lake, kijiji chake na mwaka, wala msiandike "wazee" tu. Bwana Kheri alisema neno moja, na neno lile lilikuwa kweli kuliko vitabu vya London. Nasi wakubwa tutakapokutana mwaka huu, tukisha kula na kutaniana, na tuitenge saa moja kila mtu ataje jina la mmoja katika watu wake aliyefanya kazi kubwa na hakuandikwa. Mhariri ameniahidi kurasa za toleo lijalo. Mimi nimeanza na Mwinyi Amani, ingawa si wa ukoo wangu. Mungu amrehemu, na baridi ile iwe ndiyo ya mwisho aliyoiona.